Saa Mbele ya Kamera

Mama yangu aliinua kikombe cha chai, na kikombe hakikufika mdomoni. Kilisimama hewani karibu na kidevu, na juu ya uso wake kikaanza kuzunguka kile kiduara cheupe. Nilikuwa kazini, katika ghala la vifaa vya ujenzi huko Viwandani ambako mimi ni karani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la kalamu. Nikaacha kupumua. Wengine wakiona kiduara hicho husonya tu, wamekatiziwa filamu. Mimi humwona Mama anakufa.

Nieleze, usije ukaniona mwendawazimu. Mama ana ugonjwa wa sukari. Watu wengi wanaijua sukari inayopanda, yake hushuka. Siku akidungwa sindano yake asubuhi kisha asile vizuri, hushuka kimyakimya. Hapigi kelele, haanguki kwa kishindo. Ananyamaza tu, mikono inatulia mahali ilipokuwa, macho yanabaki nusu wazi. Daktari aliniambia hali hiyo ikimkuta nisianze kutafuta gari. Nimpake asali ndani ya shavu upesi, ndipo mambo mengine yafuate, maana akicheleweshwa huenda asirudi. Neno hilo, asirudi, nililibeba kutoka hospitalini na sijapata pa kulitua mpaka leo.

Mara ya kwanza hali hiyo ilimkuta shambani kwetu Ukambani, akaokotwa na wachunga mbuzi. Baada ya hapo nikamleta Mowlem, mtaa wa Nairobi, kwenye nyumba yangu ya ghorofa ya tatu. Mume sina, watoto wamekwisha kwenda zao, na kazi siwezi kuiacha. Nilimwajiri msichana wa kumwangalia, Mama akamfukuza kabla ya wiki kwisha. Kosa lake: aliacha kopo la sukari mezani badala ya kulifungia kabatini.

Mama ni mtu wa kufungia vitu. Kule nyumbani hata chumvi ilikuwa na kufuli. Alipokuja Nairobi alikuja na sanduku la bati nililokwenda nalo sekondari, lile la bluu, limejaa nguo zake na funguo ambazo hakuna ajuaye zinafungua nini. Akaliweka sebuleni kando ya televisheni, akalitandikia kitambaa cha kufuma, likawa kama kigoda cha wageni. Simu yake ya vitufe huifunga kwenye leso na kuiweka chini ya godoro isije ikaibiwa. Kwa hiyo ukimpigia mchana unaongea na godoro.

Ndiyo sababu nikanunua kamera. Ni kitu kidogo, saizi ya yai. Niliifunga juu ya televisheni ikiangalia kiti chake, nikaiunganisha na waifai ya nyumbani, na kuanzia hapo nikawa namtazama Mama kwenye simu kutwa nzima. Nilimweleza yote. Nilimwonyesha ruta, kile kisanduku cheusi chenye taa za kijani kilichokuwa nyuma ya televisheni, nikamwambia, "Mwaitu," ndivyo tumwitavyo mama kwa Kikamba, "hiki ndicho kinanifanya nikuone." Alikitazama kwa muda mrefu kama anayetambulishwa kwa mkwe, kisha akauliza kama kinakula umeme mwingi.

Siku ile ya kikombe nilimpigia jirani. Mlango wake unatazamana na wetu, na nilikuwa nimempa ufunguo wa pili na kumweleza habari za asali. Ni mama wa kutoka Magharibi, mumewe anafanya kazi reli, naye hupika chapati na mandazi nyumbani na kuwauzia wenye vibanda. Alivuka ukumbi na unga mikononi, akanipigia.

"Jirani, mamako yuko sawa. Anakunywa chai. Ameniuliza mbona nahema."

Nilicheka, nikamshukuru, nikafuta jasho. Kesho yake picha ikakwama tena, Mama kainama kuokota kitu. Nikapiga tena. Keshokutwa vilevile. Kila mara jirani alimkuta mzima, na kila mara mimi nilikuwa nimekwisha kumzika kichwani, nimekwisha kuchagua hata nguo. Mwisho, jioni moja, jirani alinisimamisha ngazini.

"Jirani, mimi nakupenda na Mama nampenda," alisema. "Lakini mafuta yangu yameungua mara mbili wiki hii. Siku moja utanipigia, nami nitasema acha kwanza nigeuze hii chapati. Si kwa ubaya. Ni binadamu."

Sikumlaumu. Niliingia ndani nikakaa kitandani. Kumbe hatari haikuwa tena sukari peke yake. Kila kiduara kilichozunguka kilikuwa kinanipotezea mtu mmoja aliyeweza kufika kwa Mama kabla yangu, na siku ya kweli ingefika akiwa amechoka na uongo wangu.

Nikanunua saa ya ukutani, kubwa, yenye mshale mwekundu wa sekunde, nikaitundika nyuma ya kiti cha Mama mahali kamera inapoiona. Hesabu yangu ilikuwa hivi: Mama akitulia na mshale ukitulia, basi ni mtandao. Mama akitulia na mshale unatembea, basi ni Mama. Nilijiona mjanja sana. Siku iliyofuata picha ikakwama, mshale ukakwama, na nikagundua kwamba mshale uliokwama hauniambii kuwa Mama ni mzima. Unaniambia tu kwamba sijui lolote. Nilikaa nao hivyo, sipigi simu, nauma kucha, mpaka picha ikarudi na Mama akawa anapiga miayo.

Nikamwita fundi wa waifai, kijana wa hapa mtaani anayevuta nyaya kutoka paa hadi paa. Alifika Jumamosi, begi mgongoni.

"Niaje, madam. Sasa, shosh?"

"Mimi si shosh wala nyanya yako," Mama akajibu. "Vua viatu."

Akavua. Akachomeka waya wa ruta kwenye kompyuta yake, akaangalia, akatikisa kichwa. "Net iko fiti. Huku nje inakuja vile inafaa. Shida iko hapa ndani. Ruta mmeificha nyuma ya TV, chini kabisa, itapumua aje? Na hii ploti kila nyumba iko na yake, zote zinapigiana kelele."

Akafanya kazi yake. Alibadilisha chaneli, akaniwekea paswadi mpya, maana nusu ya ghorofa walikuwa wanaijua ya zamani, akapunguza ukubwa wa picha ya kamera ili isidai mengi. Kisha akaitoa ruta nyuma ya televisheni na kuiweka kwenye rafu ya juu, kando ya dirisha la ukumbini.

"Madam, usiifiche tena," alisema. "Iache mahali peupe, juu, iwe inaonekana."

Nilimwona Mama akilitazama dirisha, akiitazama ruta, akilitazama dirisha tena. Sikufikiri kitu.

Wiki nzima picha ilitiririka. Nilimwona Mama akisinzia na kifua kinapanda na kushuka, nikaona mpaka nzi aliyetua kwenye mkono wa kiti. Nilianza kula chakula cha mchana kama watu. Halafu mchana kweupe wezi wakavunja nyumba ya chini yetu, wenyewe wakiwa kazini, wakabeba televisheni na kila kilichokuwa na waya. Ploti nzima ikazungumza habari hiyo. Wenye nyumba wengine wakaongeza vitasa.

Na tangu wiki hiyo kiduara kikarudi, kibaya kuliko kwanza. Siyo kwamba mtandao ulikatika. Hilo lingekuwa afadhali. Picha ilikuja kwa vipande. Mama anaonekana kitini, kiduara, Mama hayupo kitini, kiduara kirefu, Mama kitini tena, kichwa upande. Nilikosea hesabu za mzigo wa mabati, msimamizi akanisimanga mbele ya wateja, na sikujali. Kilichonitia wazimu ni kwamba jioni nikifika nyumbani kila kitu kilikuwa salama. Ruta iko juu ya rafu, taa zake kijani, tunatazama mahubiri kwenye televisheni kwa waifai hiyohiyo na mhubiri hakatiki hata kwenye "haleluya" ndefu. Jumapili kutwa, safi. Asubuhi nikiondoka tu, balaa.

Nilimpigia fundi. Akapima akiwa kwao, akasema, "Madam, huku sioni shida. Kuna mtu mchana anakula net yako."

Basi nikamtafuta mlaji. Hofu ikikaa sana inaota meno, na yangu ilitaka mtu wa kuuma. Nilipanda ghorofa ya nne nikagombana na kijana mmoja ambaye hushinda nyumbani na televisheni yake inasikika mpaka kwetu. Nilimwita mwizi wa waifai mbele ya mlango wake. Akanionyesha simu yake, akanionyesha waifai yake mwenyewe, ya kampuni nyingine kabisa. Nikabadilisha paswadi hata hivyo. Nikaibadilisha tena. Nilifika mahali pa kumtilia shaka hata jirani yangu, kwamba labda wanawe wameipata, na nikamtazama vibaya ngazini, mwanamke ambaye uhai wa Mama ulikuwa mikononi mwake. Aliona. Salamu yake ikapungua.

Siku moja, kabla ya saa za chakula cha mchana, picha ikasimama Mama akiwa ameegemeza kichwa begani. Mdomo umefunguka kidogo. Mshale mwekundu umekwama. Nilingoja. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Nikaizima programu na kuiwasha, ikarudi picha ileile, bega lilelile. Nikampigia jirani. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Sikuomba ruhusa. Nilichukua bodaboda pale getini nikamwambia mwenyewe akimbie, na njia nzima nilikuwa nasema kwa sauti, "Mwaitu, subiri. Mwaitu, subiri." Ngazi nilizipanda kwa mikono na miguu. Ufunguo ulikataa kuingia, nikaushika kwa mikono miwili.

Mama alikuwa kitini, ungo wa mbaazi mapajani, anaambua maganda.

"Umerudi mapema," alisema kwa Kikamba. "Wamekufukuza?"

Nikakaa sakafuni palepale mlangoni. Nililia kwa hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia, basi nikainua macho kwenye rafu ili niilaani ile ruta. Rafu ilikuwa tupu.

"Mwaitu, iko wapi?"

"Nini?"

"Kile cheusi. Cha taa."

Akauweka ungo chini taratibu, akaja kando ya televisheni, akatoa kitambaa cha kufuma juu ya sanduku la bati. Waya mbili zilikuwa zimepita chini ya kifuniko. Akatoa ufunguo shingoni, akafungua kufuli. Ndani, kati ya leso zake, ruta ilikuwa imelala inawakawaka, ya moto kama ugali uliotoka kuepuliwa.

"Yule mtoto aliiweka dirishani," alisema. "Kila apitaye ukumbini anaiona. Na nyumba ya chini wameiba kila chenye waya. Wewe ukitoka naifungia. Jioni ukikaribia kurudi naitoa, kwa sababu wewe upo."

Nikakumbuka. Asubuhi kadhaa, nikiwa bado sijafika kazini, nilikuwa nimemwona akija kuelekea kamera na kitambaa mkononi, anatoweka chini ya picha. Nilidhani anapangusa televisheni.

"Mwaitu, bati linaziba. Ukiifungia ndani ya bati siwezi kukuona!"

Hakuelewa kwanza. Akaniangalia, akaliangalia sanduku. Kisha uso wake ukabadilika, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa miezi yote hiyo: kwamba alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kama mimi. Kutwa nzima peke yake katika nyumba ya ghorofani, akijua kinachoweza kumpata.

"Ulisema hiki ndicho kinakufanya unione," alisema. "Wakikiiba, ungenionaje?"

Nilimshika miguu na tukakaa hivyo mpaka pumzi yangu ikarudi mahali pake.

Jioni ile tuliipangia ruta makao. Juu, peupe, kama alivyosema fundi, lakini ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na dirisha nikaliwekea pazia zito. Mama akaleta kitambaa cha kufuma aifunike angalau na hicho, akaniuliza kama kitambaa nacho kinaziba kama bati. Nikamwambia kinaitia joto. Tukakubaliana kitambaa kikae chini yake, kama kinavyokaa chini ya redio.

Kisha nikavuka ukumbi nikagonga kwa jirani. Kumbe mchana ule alikuwa amepeleka chapati vibandani, simu kaiacha kwenye chaji. Nilimweleza habari za sanduku. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaniwekea chai. Nilimwomba radhi kwa yale macho ya ngazini, akasema macho hayachomi. Ndipo nikamwambia nililoendea.

"Jirani, sasa naona vizuri. Sitakusumbua tena bure. Lakini nikikupigia, usigeuze hata chapati iliyo motoni."

Aliacha kucheka. "Nimesikia," akasema.

Ungedhani hofu ingekwisha. Ilibadilisha tu mahali pa kukaa. Sasa picha ilikuwa safi kutwa, mshale mwekundu unazunguka bila kusita, na mimi namtazama Mama, kisha mshale, kisha Mama. Zamani nilikuwa na mtandao wa kulaumu.

Siku yenyewe haikuwa na dalili. Asubuhi jua liliingia hadi kwenye miguu yake. Alikuwa na ungo wa mbaazi, na kando yake uji aliouacha nusu. Nilimwona akiambua ganda moja, akachukua jingine. Lile la pili akalishika kwa muda. Vidole vikalegea, mbaazi zikamwagika mapajani na moja ikabingirika sakafuni, nikaiona ikibingirika mpaka mwisho. Mkono wake ukabaki ndani ya ungo.

Niliinua macho kwenye saa. Mshale mwekundu ulikuwa unatembea.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa hapo. Nilikitafuta kile kiduara. Nilikiomba. Baada ya fundi, na paswadi, na magomvi yote yale, nilitamani mtandao uwe mbovu, picha iwe imekwama, mtu aniambie ni ruta tu. Lakini pazia lilikuwa linapepea, mshale unatembea, kila kitu katika nyumba ile kilikuwa kinasogea isipokuwa Mama.

Nikapiga. Ikaita. Ikaita tena. Mteja alikuwa mbele yangu akingoja risiti ya saruji, ananiambia kitu, sikukisikia. Ikaita. Nilikuwa nasema, "Shika, shika, shika." Jirani hakushika. Simu bado inaita kwa spika, nikaona kwenye picha mlango ukifunguka kwa nguvu mpaka ukagonga ukuta. Alikuwa ameuona wito wangu akaacha simu, akaacha moto, akaja na mwiko wa chapati mkononi.

Aliutupa mwiko. Chupa ya asali ya kwetu ilikuwa mezani, tulipoiweka kila asubuhi, haijafungiwa popote; hilo nilimshinda Mama. Jirani akachovya kidole, akampaka ndani ya shavu, akachovya tena. Kamera ina sauti. Nilimsikia akisema, "Mama. Mama, niko hapa. Mama." Nilimsikia pia akimwita Mungu kwa Kiluhya, kwa sauti ya chini. Picha haikukatika hata mara moja. Niliona yote, na hakuna hata kimoja nilichoweza kukifanya, ila kuutazama mshale ukizunguka na kuhesabu kwamba hajarudi, hajarudi, hajarudi.

Kisha mdomo wa Mama ukacheza. Ukacheza tena, kama mtoto anayeonja. Jirani akakaa chini kwa uzito wote akaanza kulia.

Macho ya Mama yalifunguka taratibu. Hakumtazama jirani kwanza. Alizungusha shingo akatafuta juu ukutani, pale tulipoiweka ruta.

"Kile kitu kipo?" akauliza, ulimi mzito.

"Kipo, Mama," jirani akamjibu. "Kipo palepale."

"Basi ameniona."

Akainua mkono wake kuelekea kamera. Ulikuwa unatetemeka, una asali na maganda ya mbaazi, lakini ulipanda. Nami pale ghalani nikainua wangu, ingawa kamera ile haionyeshi upande wangu, na yule mteja wa saruji akadhani namsalimia, akanipungia. Sikumjibu. Nilikuwa nautazama mshale mwekundu na mkono wa Mama, yote miwili ikisogea.